Joho la Kukodi

Mtu wa kwanza kuniita wakili alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Aliniita hivyo akiwa juu ya pikipiki yake pale stendi ya Tunduma, kwa sauti iliyozishinda honi za malori yaliyopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka kwenye basi, miguu imevimba kwa kukaa, begi begani, joho la mahafali nimelikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Akasimama juu ya vikanyagio, akawatangazia wenzake: "Oya wanangu, nyanyukeni, wakili wa kitaa kashuka. Huyu ndiye yule niliyewaambia. Sista kaupiga mwingi, kaupiga mpaka umeisha."

Wenzake wa kijiweni wakanizunguka. Mmoja akanigongea ngumi, akasema kuanzia leo ndata wakimkamata hana haja ya kujieleza, anapiga simu moja tu. Mwingine, aliyezoea kubeba abiria wa upande wa pili wa mpaka, akaniinamia na kunisalimia kwa Kibemba, mulishani mukwai, kama anavyowasalimia wanawake wenye mizigo mikubwa. Wa tatu akauliza kwa upole kabisa kama mawakili bado wanapanda bodaboda au nitafutiwe gari. Nilicheka mpaka begi likanidondoka. Nisijifanye, nilifurahi sana. Nilikuwa natoka chuoni ambako zaidi ya mlezi wa hosteli hakuna aliyekuwa na habari na mimi, na hapa kijiwe kizima kilikuwa kimesimama kwa ajili yangu.

Njiani, nikiwa nimeshika begi mapajani, nilimwambia kaka kwamba mimi bado si wakili. Nilimweleza taratibu, maana upepo ulikuwa unakula maneno. Nimemaliza shahada ya kwanza tu. Baada ya hapo kuna shule nyingine ya sheria kwa vitendo, yenye mitihani inayowarudisha nyumbani watu wenye akili kuliko mimi, na ukiivuka hiyo ndipo unaapishwa. Sikumwambia kwamba hata hiyo shahada niliipata kwa mbinde, wala kwamba somo la sheria ya ardhi nilifeli, nikafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, nikapenya kwa alama ambazo mwalimu mwenyewe alizitazama kwa huruma. Hayo nilikuwa nimeamua kufa nayo.

Kaka akageuza shingo bila kupunguza mwendo. "Sista, acha unoko," akasema. "Umesomea sheria, umemaliza, umevaa joho. Unataka kitaa kikuite nani, fundi baiskeli?"

Nilicheka tena. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, ingawa sikuujua. Mtu akikusifu kwa maneno mazito unaweza kumjibu kwa maneno mazito. Akikusifu kwa utani, ukimrekebisha unaonekana huna utani, na kwetu mtu asiye na utani anahesabiwa kuwa na maringo.

Nyumbani mama alikuwa ameshaagiza bango. Mama anauza mchele sokoni Tunduma, amezoea kuamua mambo kabla mteja hajamaliza kuuliza bei, na la bango aliliamua hivyohivyo. Maneno alimwachia kaka. Nilipoingia sebuleni nikalikuta limetandazwa juu ya makochi, refu kuliko ukuta, picha yangu katikati nikiwa na joho na kofia, na maandishi mekundu: HONGERA WAKILI WETU, UMETISHA, SONGWE YOTE INAKUELEWA. Nilimwomba mama tulibadilishe, tuandike mhitimu wa sheria. Alinitazama kama vile nimemwambia mchele wake una mawe, akaniuliza nimesomea sheria miaka yote hiyo ili niwe nani. Nikamweleza nilivyomweleza kaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, huko mbele ni huko mbele, kwa sasa bango limeshachapwa.

Siku zilizofuata nilijaribu kwa kila mtu. Nilimwambia mzee wa kanisa, nikawaambia jirani wa kushoto na wa kulia, nikamwambia mama muuza vitumbua. Wote walitabasamu na kumgeukia mama wakamwambia amelea vizuri, mtoto kasoma na bado anajishusha. Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kusifiwa kwa unyenyekevu. Jirani wa kulia aliniletea mkataba wake wa pango nimsomee. Niliusoma, nikamwambia ni mzuri, kwa sababu kweli ulikuwa mzuri, na jioni yake nikasikia ameeleza barazani kwamba wakili ameupitisha.

Sherehe ilifanyika Iyula, kwa mama mkubwa. Hilo halikuwa na mjadala. Mama alipokuwa anahangaika na biashara za kuvuka mpaka, mimi nililelewa pale, kwenye ile nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mibuni mpaka dirishani. Mama mkubwa ndiye aliyenilisha, aliyenichapa na aliyenipeleka kanisani nimepakwa mafuta mpaka magotini. Mumewe alikwisha fariki. Kwenye kiwanja cha jirani, ng'ambo ya kipande cha shamba la kahawa, aliishi mdogo wa marehemu, ambaye tangu utotoni namwita baba mdogo. Ni mzee mwembamba, mpole, ambaye husalimia kwa kuvua kofia hata akikutana na watoto. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, yeye ndiye aliyelifunga tranka langu nyuma ya baiskeli yake na kulisukuma mpaka barabara ya lami huku mimi nikitembea pembeni nikilia.

Tulitoka Tunduma asubuhi kwa msafara ambao sikuuomba. Mimi na mama tulikuwa kwenye gari dogo la kukodi, mbele yetu pikipiki za kijiweni zikiwa zimefungwa matawi ya miti, zikipiga honi kila tulipokaribia kituo cha basi. Vwawa wapita njia walisimama. Mlowo walinipungia mkono. Tulipoacha lami na kuingia kwenye matope mekundu ya masika, kaka alikuwa bado anapiga honi kuwaarifu ng'ombe. Nilikuwa nimevaa joho, kwa amri ya mama. Lilikuwa la kukodi na tarehe ya kulirudisha ilikuwa imeshapita, na nilikuwa nimelikunja magotini lisiguse vumbi la viti.

Turubai lilijaa. Watu wa kanisani walikuja na kwaya, majirani na kuku na mahindi, na ndugu wa Itaka na mkungu wa ndizi uliobebwa na watu wawili. Ilipofika saa ya kutunza, watu wakaja kwa mstari wakicheza, mmoja mmoja akinifunga kitenge shingoni au kiunoni, mpaka nikawa siwezi kugeuka. Baba mdogo naye alikuja na jogoo mwekundu, akacheza vizuri kuliko vijana wote, akaniwekea jogoo miguuni na kuvua kofia. Nilimkumbatia na vitenge vyangu vyote. Alinukia moshi na sabuni ya kufulia, kama siku zote.

Kisha kaka akapewa kipaza sauti. Alikuwa amejiandaa, hilo nakiri, maana hakukwama popote. "Wazee shikamooni, masela mambo vipi," alianza. "Mimi leo sina mengi. Huyu sista mnayemwona hapa ni mbaya. Ni mbaya kinoma. Sisi wenzake tuliishia kushika mahandeli, yeye kashika vifungu. Ukimgusa, anakugusa na kifungu. Ukimzingua, anakuzingua na kifungu kidogo. Sista, umetoboa, na ukoo mzima umetoboa kupitia tundu lako. Kitaa kinakukubali kama lote."

Vijana wakapiga miluzi. Nusu ya wazee hawakuelewa, ila walicheka kwa sababu vijana walicheka, na mama alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi pia nilicheka. Kaka ana kipaji, na maneno yale yalikuwa yametoka moyoni, hata sasa siwezi kumkasirikia kwa hayo. Akangoja kelele zitulie, akaongeza la mwisho.

"Na wale wenye mchezo wa kuchuma kahawa za watu," akasema, "mwaka huu mtajua hamjui."

Watu walicheka tena, lakini si wote. Upande wa kina baba palikuwa na ukimya wa ghafla. Nilimtazama baba mdogo bila kujua kwa nini namtazama yeye. Alikuwa anatabasamu, macho chini, akigeuza kofia yake mikononi. Nilimuuliza mama kwa kunong'ona kuna nini, akanijibu nile kwanza.

Nilielezwa siku iliyofuata, jikoni, na mama mkubwa mwenyewe. Kile kipande cha kahawa kilichopo kati ya nyumba mbili, marehemu na mdogo wake walikipanda pamoja wakiwa vijana, wakakihudumia pamoja na kuchuma nusu kwa nusu. Baada ya msiba baba mdogo aliendelea hivyohivyo, anapalilia na kupogoa yote, anachuma nusu yake, nusu nyingine anaianika mwenyewe kwenye kichanja cha mama mkubwa. Lakini kaka alikuwa amechoka na bodaboda na alitaka shamba lote liwe la mama yake, na mama mkubwa, ambaye mwanawe ni mmoja tu, alikuwa amekubali kwamba lote lilikuwa la mumewe tangu mwanzo. Wazee wa ukoo walikuwa wamewashauri wagawane katikati, kila mmoja awe na chake, yaishe. Baba mdogo alikuwa tayari. Mama mkubwa ndiye aliyekataa. Aliwaambia wasubiri, kuna mtoto anasoma sheria, akimaliza atakuja kusema.

"Ndiyo umemaliza," mama mkubwa akaniambia, akichochea moto. "Kikao ni Jumapili, tukitoka kanisani. Uje na lile vazi lako jeusi."

Hapo sikucheka. Nilimwambia wazi, kwa maneno mafupi, kwamba mimi si wakili, siwezi kumwakilisha mtu, kwamba kujifanya wakili ni kosa na ninaweza kuzuiwa hata kuendelea na masomo. Nikamwambia na ile habari ya sapu, ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Yeye aliyekuwa amenichapa kwa kupoteza kalamu ya risasi alinisikiliza bila kukunja uso.

"Nani mwingine anajua hayo?" akauliza.

Nikamwambia la sapu hajui mtu; la kwamba mimi si wakili nimeshajaribu kuwaambia watu wote, hawasikii.

"Basi vizuri. Wewe kaa tu karibu yangu. Usiseme kitu. Hujajiita wakili, wamekuita wao."

Nilimwambia kwamba kugawana katikati kwangu kulionekana ni haki. Akafunua sufuria, akaonja mboga, akaongeza chumvi, akafunika. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama kwenye nyumba ile nililala njaa hata siku moja. Nikasema hapana. Nikaanza kumenya viazi.

Nilijiambia nitakwenda kwenye kikao na nitapata nafasi ya kusema jambo la maana. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Niliifanyia mazoezi nikioga, nikiipunguza maneno: kwa kuwa walipanda pamoja na kuchuma pamoja, wagawane pamoja. Nilifikiri nikiisema kama mtoto wa nyumba, si kama mwanasheria, hakuna kosa wala udanganyifu. Niliridhika na sentensi ile kiasi kwamba nililala vizuri.

Jumapili mvua ilikuwa manyunyu. Mibuni ilikuwa imechanua, maua meupe kila mahali, na ile harufu yake tamu ilikuwa nzito mpaka kwenye mashuka. Nilitembea kutoka kanisani nimevaa joho juu ya gauni, nimelishika pande zote mbili nisiliburuze kwenye matope, viatu mkononi. Watoto walinifuata. Mama mmoja aliyekuwa anapanda mahindi shambani kwake alinyoosha mgongo, akanitazama mpaka nikapita. Nilijiona mpumbavu. Ningeweza kulivua nikalikunja kwenye mfuko, na hakuna ambaye angenipiga. Sikulivua.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mama mkubwa kwa sababu ya mvua. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye makochi na mabenchi, mwenyekiti akiwa mwalimu mstaafu, binamu wa marehemu. Baba mdogo alikuwa peke yake kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Mke wake hakuja. Sisi tulikuwa wengi: mama mkubwa, mama, shangazi wawili, na nje kaka na wenzake wa kijiweni waliokuja kutoka Tunduma kwa ajili hiyo tu, wameegesha pikipiki kwenye majani. Nilipofika kizingitini kaka akapaza sauti kutoka uani kwa furaha yake yote. "Mheshimiwa anaingia. Kitaa, simama."

Ulikuwa utani. Vijana wote uani walijua ni utani, na mimi nilijua. Lakini mle ndani wazee waliokuwa wameketi walisimama kweli, mmoja baada ya mwingine, na magoti yao yale. Baba mdogo alisimama wa kwanza na kuvua kofia. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa amenifundisha kusoma, alisimama na kunionyesha kiti kwa mkono. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Na bado nikapita mbele yao wote nikiwa nimeshika viatu, nikakaa pale nilipoonyeshwa, ubavuni kwa mama mkubwa. Wao wakakaa baada yangu.

Mwenyekiti aliomba, akaeleza kilichotuleta, akasema tumshukuru Mungu kwamba mwaka huu ukoo una mtu wa sheria, hivyo hatutahangaika. Akampa nafasi baba mdogo aseme kwanza, kisha upande wa pili ujibu. Nilitaka amalize tu ili niseme sentensi yangu.

Baba mdogo alisimama. Alisema yeye na marehemu walipanda ile kahawa, ni kweli, na hakuna anayebisha. Alisema alidhani kugawana ni sawa. Akanitazama, akatazama joho, kuanzia kola mpaka pindo lililojaa matope. Kisha akasema kwamba kama mtoto wao mwenyewe aliyesoma ameona ni vema kukaa upande ule, na kuvaa vile, basi yeye ameelewa. Hawezi kushindana na sheria. Shamba lote alichukue shemeji yake, na yeye anaomba tu wasikose kusalimiana.

Akakaa. Ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Mwalimu mstaafu alinigeukia na kuuliza kama mtu wa sheria ana la kuongeza.

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Mama mkubwa hakunishika wala kunitazama. Alikuwa ametazama mikono yake iliyofumbatana juu ya kitenge chake, ile mikono niliyoijua kuliko ya mama yangu. Wazee wote walikuwa wananingoja mimi, na mama upande wa pili wa chumba alikuwa ameinua kidevu kwa fahari. Nikatikisa kichwa kwamba sina la kuongeza. Mwenyekiti akaandika.

Nje habari ilikuwa imeshafika. Nilimsikia kaka akiwaeleza wenzake kwamba mzee kanyoosha mikono, sista hata hajafungua kinywa, kaingia tu kesi ikafa yenyewe, unyama mwingi. Pikipiki zikawashwa zote kwa pamoja, honi zikalia, na mtu akaanza kuimba jina langu. Kaka akaingia ndani akanibeba begani na joho langu, akanitoa uani kwenye manyunyu, na vijana wakanipokea kwa ngumi na makofi ya mgongo. Chuma hicho, mwingine huyo hazaliwi tena, kaua bila silaha. Maneno yaleyale yaliyonichekesha stendi, yenye upendo uleule. Nilimwambia anishushe. Alidhani naona haya za kike, akanizungusha mara nyingine ndipo akanishusha.

Nilikwenda nyuma ya jiko kulivua lile joho. Kishikizo cha shingoni kilikuwa kimekaza kwa unyevu. Nilikuwa bado nahangaika nacho baba mdogo alipotokea kwenye kona ya nyumba, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kunilaumu, na nilifarijika. Nilitaka anilaumu. Nilitaka aniambie nimesahau tranka.

Alinipa mkono, akanipongeza. Alisema siku ya sherehe palikuwa na kelele, hakupata nafasi ya kunipongeza vizuri. Aliongea Kiswahili chake cha taratibu, kile cha mtu anayekitoa kwenye Kinyiha neno kwa neno, akaniambia kwamba ukoo wetu haukuwahi kuwa na mtu kama mimi, na kwamba marehemu angefurahi. Nikasema asante, baba mdogo.

"Unajua, wengi walinishauri nilipeleke jambo hili kule baraza la kata," akasema. "Mke wangu naye alinisukuma sana. Nikakataa. Niliwaambia, tunaye mtoto wetu anasoma mambo haya haya, kwa nini tuyapeleke kwa wageni? Tumsubiri. Yeye ni wa pande zote mbili, atatuambia." Akatazama mikono yangu ikipambana na kishikizo. "Nami nilikuwa nakusubiri wewe, mwanangu."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vyake vya mpira. Nilijua lilikuwa limebaki neno moja tu la kusema, na kwamba bado palikuwa na muda, wazee walikuwa bado hawajanywa chai. Ningemwambia kwamba mimi si wakili na yeye hajashindwa na sheria yoyote. Lakini ningemwambia hivyo ningelazimika kurudi naye ndani, mbele ya wale waliosimama nilipoingia, mbele ya mama na bango lake, na kusema kwamba walisimama bure. Na kaka alikuwa bado anapiga honi.

"Sasa nielimishe kidogo," baba mdogo akasema, kwa upole wa mtu anayeuliza njia. "Sijasoma. Kisheria, nilikosea wapi? Nisije nikarudia."

Nilimjibu. Mungu anisamehe, nilimjibu. Nilimwambia kuna mambo ya umiliki na mambo ya mirathi, na kwamba mwenye mali akifariki haki zake hufuata mkondo fulani, na kwamba kuna kitu kinaitwa ukomo wa madai. Nililisema lile la mwisho, yaani muda wa kufungua shauri kupita, kwa sababu ndilo lililokuwa linasikika zito zaidi, na halikuwa na uhusiano wowote na kahawa yake. Yeye alisikiliza amekunja paji la uso, akiitikia kwa kichwa kila nilipopumua. Nilipomaliza akanishukuru, akasema sasa ameelewa, moyo wake umetulia, maana alikuwa anadhani ameonewa.

Alipiga hatua kuondoka, akasimama. Aliniomba nilirudie lile neno la mwisho polepole, alishike vizuri, kwa sababu mke wake atamuuliza.

Nikalirudia.